Mhandisi Visvesvaraya: Mtu wa Maji na Hesabu Safi



Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya kufika kwenye kurasa za bajeti na fomu za ahadi tunatoa kwanza maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kutangulia, ambaye kazi yake inaweza kutufundisha jambo. Mwaka huu fungu kubwa la mchango wetu ni la kukarabati ndiva na mfereji wake, na fungu la pili ni la ada za wanafunzi. Kwa hiyo tumemtafuta mtu wa maji ambaye pia alikuwa mtu wa elimu. Tumempata mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Mysore iliyokuwa kusini mwa India. Ni Mhandisi Mokshagundam Visvesvaraya. Jina ni refu, na hata kwao walilifupisha wakamwita Sir M.V. Nasi tutamwita M.V.

Mtu huyu alitumikia serikali akaacha. Alifanya kazi za ushauri, akarudi serikalini hadi akawa mkuu wa serikali yote ya Mysore, akaacha tena. Aliongoza kiwanda cha chuma, akakaa kwenye bodi ya kampuni kubwa ya watu binafsi, akawaunganisha wenye viwanda. Kote huko alishika mali ya wengine, na anakumbukwa mpaka leo kama mtu ambaye hakuchanganya mfuko wake na mfuko wa umma. Sisi tunaochanga kwa shida na kuhoji kwa haki kila senti imekwenda wapi, tunadhani maisha ya namna hiyo yanatuhusu.

Mtoto wa Muddenahalli

M.V. alizaliwa tarehe 15 Septemba 1861 katika kijiji cha Muddenahalli, kilomita kama 60 kaskazini mwa Bangalore. Baba yake, Srinivasa Sastry, alikuwa msomi wa lugha ya Kisanskriti na vitabu vya dini, mtu wa kuheshimika lakini si wa mali. Ukoo wao ulikuwa wa Wabrahmini, tabaka ambalo kwa karne nyingi lilishika elimu na ukuhani. Jambo hili tunaomba mlikumbuke, maana litarudi mbele.

Alianza masomo katika mji mdogo wa jirani, Chikkaballapur. Baba alifariki M.V. akiwa bado mvulana, na nyumba ikabaki na mama na watoto. Mjomba wake aliyekuwa Bangalore akamsaidia asiache shule. Huko mjini aliingia Central College, na ili apate chakula na mahitaji yake alifundisha watoto wa familia yenye uwezo. Asubuhi mwalimu, mchana mwanafunzi. Mwaka 1881 alimaliza shahada ya kwanza kwa sifa nzuri.

Angeweza kuishia hapo na kutafuta kazi ya ukarani. Serikali ya Mysore ilimpa msaada wa kwenda kusoma uhandisi katika Chuo cha Sayansi cha Poona, mji unaoitwa Pune siku hizi. Mwaka 1883 alifanya mtihani wa mwisho akashika nafasi ya kwanza, na mwaka 1884 Serikali ya Bombay, iliyokuwa chini ya Waingereza, ikamwajiri kuwa mhandisi msaidizi katika idara ya ujenzi.

Tunaomba msomaji aitazame ngazi hiyo. Kipandio cha kwanza ni mama aliyekubali mtoto aondoke. Cha pili ni mjomba wa mjini. Cha tatu ni kibarua cha kufundisha. Cha nne ni msaada wa serikali. Kipandio kimoja kingekosekana, India ingekosa mhandisi wake mashuhuri kuliko wote, na wala isingejua kwamba imemkosa.

Miaka ya Bombay: mabomba, mito na zamu ya maji

Kwa zaidi ya miaka 20 M.V. alifanya kazi za mabwawa, mifereji, barabara na maji ya miji. Mwaka 1894 alipelekwa Sukkur, mji wa Sindh ulioko kando ya mto Indus, kushughulikia maji ya bomba. Mto ulikuwa mkubwa, lakini maji yake yalikuwa tope tupu, na halmashauri ya mji haikuwa na fedha za kujenga machujio makubwa. M.V. alichimba kisima katika mchanga wa mto wenyewe, ili maji yachujwe na mchanga kabla ya kuvutwa na pampu. Kile ambacho fedha ingenunua, mto ulikifanya bure. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: kabla ya kuagiza kitu, alitazama kwanza kilichopo.

Kazi iliyompa jina ilikuwa katika ziwa la Fife huko Khadakwasla, bwawa lililoupa maji mji wa Poona na mashamba ya jirani. Kila masika bwawa lilijaa, maji yakamwagika juu ya utoro wake na kupotea, kisha kiangazi kikaja na upungufu. Kuinua ukuta mzima wa bwawa kungekuwa gharama kubwa, na ukuta wenyewe ulikuwa wa zamani. M.V. alibuni malango ya chuma ya kuwekwa juu ya utoro. Malango hayo yaliyazuia maji ya ziada yasipotee, lakini mafuriko yalipozidi kiasi, maji yenyewe yalisukuma mizani ya uzito na malango yakafunguka bila mtu kuyagusa. Mafuriko yalipopungua, yakajifunga. Kwa njia hiyo kina cha maji yaliyohifadhiwa kiliongezeka karibu futi 8, ukuta ukiwa uleule. Malango hayo yalifungwa mwaka 1903, na ubunifu ukasajiliwa kwa jina lake. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba alikataa kulipwa ada ya ubunifu huo, kwa hoja kwamba aliufanya akiwa kazini, kwa mshahara wa umma.

Lakini kwa watu wa milimani kama sisi, kazi inayogusa zaidi ni ile ya mwaka 1899, ambayo haikuwa na chuma wala mizani. Katika nchi kavu ya Deccan serikali ilikuwa imechimba mifereji ya umwagiliaji. Waliokuwa karibu na kichwa cha mfereji walichukua maji kadiri walivyopenda, mashamba yao yakajaa maji mpaka yakaharibika, na waliokuwa mkiani walibaki wakitazama mfereji mkavu. M.V. alipendekeza mashamba yagawanywe katika vitalu, kila kijiji kiwe na kitalu chake, mazao yanayokunywa maji mengi yazungushwe kwa zamu, na maji yafunguliwe kwa ratiba. Wakulima wengi walipinga mwanzoni, na magazeti yakaandika kuupinga mpango huo. Yeye hakwenda na askari. Alikwenda kueleza, na kuwaonyesha kwamba maji yaleyale yangefika kwa watu wengi zaidi.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hayo. Ndiva zetu zilikuwa zikifungwa jioni, zinajaa usiku, zinafunguliwa asubuhi, na kila ukoo ulijua zamu yake. Palipokuwa na msaragambo wa kuzibua mfereji, asiyefika alijua faini yake. Ni sisi wa leo tulioacha, tukasema kila mtu avute mpira wake juu kabisa ya chanzo. Leo vitongoji vya chini vinachota maji kwa ndoo mwezi wa tisa, na sote tunajua kwa nini.

Mwaka 1906 M.V. alitumwa Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua sana, kushauri juu ya maji safi na maji taka. Kufikia wakati huo alikuwa amepandishwa cheo kuwapita wengi waliomtangulia kazini. Hata hivyo aliona dari. Katika idara ile, kiti cha juu kabisa kilikuwa cha Mwingereza. Mwaka 1908, akiwa na miaka 47, aliomba kustaafu mapema, akafunga safari ya kwenda kutazama kazi za wahandisi wa Ulaya na Marekani.

Mafuriko ya Hyderabad

Tarehe 28 Septemba 1908, akiwa bado ng'ambo, mto Musi ulifurika ndani ya mji wa Hyderabad. Ilikuwa moja ya maafa makubwa ya maji katika historia ya India; waliokufa wanakadiriwa kuwa kama 15,000, na maelfu ya nyumba zikaanguka. Serikali ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, ikamwomba M.V. aje kushauri. Sasa hakuwa mtumishi wa mtu. Alikwenda kama mtaalamu aliyeitwa.

Mtu mwingine angejenga kuta ndefu kando ya mto katikati ya mji. M.V. alianza na vitabu vya mvua. Alipima eneo lote linaloleta maji mtoni, akahesabu madimbwi na mabwawa madogo yaliyokuwa juu ya mji, mengi yakiwa yalipasuka moja baada ya jingine usiku ule. Ushauri wake ulikuwa kwamba mji hauwezi kulindwa ndani ya mji. Lazima maji yazuiwe juu, kabla hayajapata nguvu. Kutokana na mpango huo yalijengwa mabwawa mawili, Osman Sagar lililokamilika mwaka 1920 na Himayat Sagar lililokamilika mwaka 1927. Yalizuia mafuriko na wakati huohuo yakaupa mji maji ya kunywa kwa miaka mingi. Mpango wake ulihusu pia mifereji ya maji taka, maana aliona kwamba mji unaookolewa na mafuriko kisha ukaachwa kwenye kipindupindu haujaokolewa.

Kurudi Mysore, na ukuta wa Kannambadi

Mwishoni mwa mwaka 1909 nchi yake ya kuzaliwa ilimwita. Mysore ilikuwa na mfalme wake, Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, kijana aliyependa maendeleo. M.V. akawa mhandisi mkuu.

Mto Kaveri ulipita Mysore ukielekea mashariki, nchi ya Madras. Tangu mwaka 1902 maporomoko yake ya Sivasamudram yalizalisha umeme uliosafirishwa kwa nyaya ndefu hadi migodi ya dhahabu ya Kolar, iliyokuwa ya kampuni za watu binafsi. Umeme huo uliiletea serikali fedha, lakini kiangazi mto ulipungua na mitambo ikadhoofika. Wakati huohuo wakulima wa Mandya, jirani kabisa na mto, walikuwa wakilia ukame. M.V. alipendekeza bwawa moja litakalofanya kazi mbili: kushika maji ya masika ili mitambo ipate maji mwaka mzima, na kumwagilia mashamba. Umeme ungelipa gharama, na mkulima angepata maji.

Si wote waliokubali. Idara ya fedha iliogopa gharama. Serikali ya Madras, iliyokuwa upande wa chini wa mto, iliogopa kunyimwa maji, na mabishano hayo yalikwenda hadi kwa waamuzi na hayakupata mapatano mpaka mwaka 1924. M.V. aliandika, akahesabu, akaandika tena, mpaka Maharaja akaidhinisha. Ujenzi ulianza mwaka 1911.

Ukuta ulijengwa kwa mawe. Saruji ya kuagiza nje ilikuwa ghali, kwa hiyo mawe yaliunganishwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma, utaalamu wa zamani wa mafundi wa India. Urefu wake ni zaidi ya kilomita mbili na nusu, na kimo chake ni kama futi 130. Malango yanayojifungua yenyewe, yale ya Khadakwasla, yaliwekwa na hapa. Kazi haikuisha mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, M.V. akiwa ameshaondoka serikalini zamani, na wahandisi wengine na maelfu ya vibarua ndio walioimaliza. Bwawa likaitwa Krishna Raja Sagara, kwa jina la Maharaja. Mandya ikawa nchi ya mpunga na miwa, na kiwanda cha sukari kikajengwa.

Tusisahau upande wa pili. Kijiji cha Kannambadi na vingine vya jirani vilizama chini ya maji hayo. Watu walihama wakiacha mashamba, nyumba na mahekalu ya babu zao. Faida ya Mandya ilikuwa na mtu aliyeilipia. Tunalisema kwa sababu hata mfereji wetu mdogo utapita katika vihamba vya watu, na kamati imekwisha kuamua kwamba hakuna mti wala mgomba utakaong'olewa kabla mwenyewe hajakaa nasi mezani tukakubaliana.

Diwani wa Mysore

Mwaka 1912 Maharaja alimteua M.V. kuwa Dewan. Neno hilo ni ndugu wa neno letu diwani, lakini kwao lilimaanisha mkuu wa serikali yote, chini ya mfalme peke yake. Husimuliwa kwamba kabla ya kukubali aliwakusanya jamaa zake akawaomba wamwahidi jambo moja: kwamba hakuna atakayekuja kumwomba kazi, zabuni wala upendeleo. Walipokubali, ndipo naye akakubali cheo.

Kuna kisa kingine ambacho watoto wa shule wa India hukisikia: kwamba usiku aliandika kazi za serikali kwa mshumaa wa serikali, na alipomaliza aliuzima akawasha mshumaa wake mwenyewe ili asome barua za nyumbani. Hatuwezi kuapa kwamba kilitokea. Lakini mtu hasimuliwi kisa kama hicho bure. Watu walimpa kisa kinachomfaa.

Katika miaka 6 ya udiwani alifanya mengi kuliko tunavyoweza kuyaweka hapa. Mwaka 1913 ilianzishwa Benki ya Mysore, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuanza elimu ya msingi ya lazima. Mwaka 1915 kikaanzishwa chama cha fasihi ya Kikannada, lugha ya wenyeji. Mwaka 1916 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Mysore, na mwaka 1917 chuo cha uhandisi Bangalore, ili kijana wa Mysore asilazimike tena kwenda Poona kama alivyokwenda yeye.

Tuseme kidogo juu ya msandali, maana unaonyesha akili yake. Misitu ya Mysore ilikuwa na msandali mwingi, na serikali iliuza magogo ng'ambo, sehemu kubwa Ujerumani, ambako mafuta yalikamuliwa. Vita ya mwaka 1914 ilipoanza, mnunuzi akapotea na magogo yakarundikana. Mysore ikaamua kukamua mafuta yenyewe, na mwaka 1916 kiwanda kikaanza. Kikafuatiwa na kiwanda cha sabuni. Sabuni ya msandali ya Mysore inauzwa mpaka leo. Sisi tunaouza tangawizi mbichi kwa bei ya dalali tuna la kufikiri hapo.

Alipokosea, au alipokosana

Mwaka 1918 M.V. alijiuzulu. Miongoni mwa sababu, kubwa ilikuwa hii. Nafasi nyingi za serikali ya Mysore zilishikwa na Wabrahmini, wachache kwa idadi, kwa kuwa ndio waliokuwa wamesoma. Watu wa matabaka mengine walidai watengewe nafasi. Maharaja aliona dai lao lina haki, akaunda kamati chini ya Jaji Leslie Miller kulichunguza. M.V. alipinga. Aliamini kwamba kazi apewe anayeiweza, basi, na kwamba dawa ya wasiosoma ni kuwasomesha, si kushusha kipimo. Maharaja hakukubaliana naye, na M.V. akaondoka.

Tulipolijadili hili katika kamati tuligawanyika. Wapo waliosema M.V. alikuwa sahihi, kwani daraja haliulizi mhandisi ni wa ukoo gani, linauliza kama hesabu zake ni za kweli. Wapo waliosema kwamba mtu aliyepanda ngazi kwa mjomba, kwa jina la ukoo na kwa msaada wa serikali si rahisi kumwona aliye chini asiyeifikia ngazi yenyewe. Mwishowe tulikubaliana kwamba alikuwa mkweli, lakini hakuona yote. Kupima wote kwa kipimo kimoja ni haki pale tu wote walipopata nafasi ya kujiandaa. Kutokana na mjadala huo tumebadili utaratibu wa mfuko wa ada. Alama za mtihani zitaendelea kutazamwa, lakini nusu ya nafasi zitakwenda kwa watoto wa vitongoji vya chini na kwa yatima, ambao hadi sasa wamekuwa wakichanga kama wengine na kupata kidogo kuliko wengine.

Kiwanda cha chuma

Mwaka 1923 kiwanda cha chuma cha Mysore kilianza kazi huko Bhadravathi, kikiyeyusha chuma kwa makaa ya kuni. Mara kikaingia kwenye hasara kubwa, bei ya chuma duniani ikiwa imeanguka, na wengi wakashauri kifungwe. Serikali ikamwomba M.V. awe mwenyekiti wa bodi. Alikuwa amepita miaka 60. Aliingia katika vitabu vya hesabu kama alivyokuwa akiingia katika vitabu vya mvua. Alipunguza gharama, akawaweka wazawa waliofunzwa katika nafasi za wataalamu wa kigeni waliolipwa sana, akatafuta namna ya kuuza hata yale yaliyotokana na moshi wa kuni. Alipoondoka mwaka 1929 kiwanda kilikuwa kimesimama.

Malipo yake ya kazi hiyo yalikuwa yamelimbikizwa. Hakuyachukua. Aliomba fedha hizo zianzishe chuo cha ufundi cha vijana, na mwaka 1943 chuo hicho kikafunguliwa Bangalore. Walitaka kukiita kwa jina lake, akakataa, akaomba kiitwe kwa jina la Maharaja wa wakati huo, Jayachamarajendra.

Kuanzia mwaka 1927 hadi 1955 alikuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ya chuma ya Tata, kampuni ya watu binafsi iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina yake nchini. Mwaka 1934 aliandika kitabu kuhusu uchumi wa mipango kwa India, miaka mingi kabla nchi hiyo haijawa huru wala haijawa na tume ya mipango. Alipigania India itengeneze magari yake yenyewe, na alipokuwa na miaka 80 akawa rais wa kwanza wa umoja wa wenye viwanda wa India. Hakuona ugomvi kati ya serikali na biashara. Kwake vyote viwili vilikuwa vyombo, na swali lilikuwa moja: hesabu ziko wapi?

Siku za mwisho

Waingereza walimpa heshima ya Sir mwaka 1915. India huru ikampa Bharat Ratna, nishani ya juu kuliko zote, mwaka 1955. Inasemekana kwamba alimwarifu waziri mkuu, Nehru, kuwa kama nishani ile ilikuwa na maana ya kumfanya aisifu serikali, basi wasimpe, kwani ataendelea kusema ukweli anaouona. Nehru akamhakikishia kwamba yuko huru.

M.V. alifariki Bangalore mwezi Aprili 1962, akiwa amepita miaka 100. Alirudishwa Muddenahalli, na kumbukumbu yake ipo katika kijiji alichozaliwa. Siku yake ya kuzaliwa, 15 Septemba, ndiyo Siku ya Wahandisi nchini India. Na maji ya Kaveri bado yanapita katika malango ya Krishna Raja Sagara, yakigombaniwa na majimbo mawili mpaka leo, kwa maana hakuna ukuta wa mawe unaoweza kumaliza kazi ya kugawana.

Ndugu zetu, hapo ndipo tunapotaka kufikia. Ndiva inaweza kujengwa kwa saruji na nondo, na fundi mzuri tutampata. Lakini mradi wetu uliopita haukuvunjwa na ukosefu wa saruji. Ulivunjwa na mambo mawili: hesabu zilizosomwa nusu, na mpira wa mtu mmoja uliotoboa bomba la watu wote. Tunalikiri hilo hapa, kwa maandishi, ili mtu asidhani tumesahau.

Kwa hiyo mwaka huu kila mchango utakuwa na stakabadhi, orodha ya waliochanga na ya matumizi itabandikwa ofisi ya kijiji na kwenye milango ya misikiti na makanisa yetu kila mwisho wa mwezi, na hakuna mjumbe wa kamati wala jamaa yake atakayeuza kokoto, bomba wala gari la mchanga kwa mradi. Zamu za maji zitaandikwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na vitongoji vya chini vitapata zamu ya kwanza.

Fomu ya ahadi iko katika ukurasa unaofuata. Mlio mijini, wekeni mnachoweza, na mnapopanda Desemba njooni na majembe. Tarehe ya msaragambo itatangazwa. Mlio nyumbani, tutaonana kwenye chanzo.

Ni sisi, kamati yenu.